Wanampa au wanamnyima?

Mama alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, bahasha za dawa za mdogo wangu amezipanga mbele yake kama mtu anayecheza karata. Bahasha tatu. Ya kwanza ina vidonge vya kuongeza damu. Ya pili ina vidonge vikubwa vyeupe, vile ambavyo mdogo wangu huvimeza huku amefumba macho. Ya tatu ina vidonge vidogo, na juu yake mtu ameandika kwa haraka: 1x2.

"Hivi vikubwa walimpa kliniki, wakasema ni vya kalsiamu," akasema Mama. "Na hivi vidogo kapewa jana, baada ya presha kupanda. Nesi kamwambia vinazuia kalsiamu. Sasa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Wanampa au wanamnyima?"

Nikacheka. "Mama, hivyo ni vitu viwili tofauti."

"Tofauti vipi, na jina ni moja?"

Sikuwa na jibu.

Nafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita, mwaka wa 11 huu. Swali la Mama lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki kwa wiki sita, na hata mdogo wangu alipokwisha kujifungua halikushuka. Ndiyo maana naandika.

## Kizuizi cha barabarani

Msuli wa mkono nimeuchora ubaoni mara nyingi mno. Nyuzi nyembamba za aktini, nyuzi nene za miosini zenye vichwa. Vichwa viko tayari muda wote, vinatamani kushika, ila njia imezibwa na uzi wa protini uliolala juu ya aktini. Kalsiamu inafika, inaishika protini nyingine iitwayo troponini, troponini inausogeza ule uzi pembeni, vichwa vinashika na kuvuta. Huwa nawaambia wanafunzi: kalsiamu ni yule askari anayeinua kizuizi cha barabarani.

Kila mwaka hakosi mmoja wa kuuliza. "Na misuli laini je, Madam? Ya tumbo, ya mishipa ya damu?"

"Vivyo hivyo, ila polepole."

Hilo ndilo jibu nililolitoa miaka yote. Ni la uongo.

Usiku ule wa zile bahasha nilitoa kabatini kitabu changu cha fiziolojia cha chuoni, nikafungua sura niliyokuwa nikiiruka. Misuli laini haina troponini. Si kwamba inayo kidogo, au ya aina nyingine. Haina. Mishipa ya damu haina, utumbo hauna, njia za hewa hazina, mji wa mimba hauna.

Nilikaa na ukurasa ule kwa muda.

Kwenye misuli laini barabara haijazibwa. Aliyelala ni dereva. Kichwa cha miosini chenyewe kimezimwa, na kukiwasha ni safari ya hatua kadhaa. Kalsiamu ikiingia hudakwa na protini ndogo iitwayo kalmodulini, inayobeba ioni nne za kalsiamu kwa mkupuo. Kalmodulini iliyoshiba huenda kuamsha kimeng'enya, na kimeng'enya hicho hubandika fosfeti kwenye shingo ya miosini. Hapo tu ndipo kichwa kinaamka. Na pembeni yupo kimeng'enya mwingine ambaye kazi yake mchana kutwa ni kubandua kile mwenzake alichobandika. Msuli utakaza au utalegea kwa kutegemea yupi kati ya hao wawili anamzidi mwenzake. Zipo hata hali ambazo kalsiamu haijaongezeka, lakini kwa kuwa yule mbanduaji amefungwa mikono, msuli unakaza zaidi.

Kalsiamu, kumbe, haikazi kitu. Inapeleka habari. Anayekaza ni mwingine, naye akishapata habari ana njia zake.

Jambo moja lilinifurahisha katika hayo, na sisi watu wa Tanga tunaweza kulielewa bila mchoro. Fosfeti ikibanduliwa wakati kichwa bado kimeshika, kichwa hakiachii papo hapo. Kinabaki kimeng'ang'ania, karibu bure, bila kula nishati ya maana. Mabaharia wakishapandisha tanga hawasimami kutwa nzima wameikamata kamba. Wanaifunga, wanakaa, wanakunywa kahawa. Mshipa wa damu unakaza tangu unazaliwa hadi unakufa. Ungekuwa unafanya kazi kama msuli wa mkono ungechoka kabla ya saa nne asubuhi.

## Chombo kinachovuja

Nilirudi kwa Mama na jibu la kwanza.

Mtu mzima ana kilo moja hivi ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake imo mifupani na kwenye meno. Huko ni jengo. Sehemu iliyobaki ndiyo inayozunguka kwenye damu na majimaji, na ndani ya seli kukiwa kumetulia haipo karibu hata kidogo. Nje ya seli kalsiamu iliyo huru ni kubwa kuliko ndani mara 10,000 hivi.

Mara elfu kumi. Fikiria dau katikati ya bahari. Nje maji hayana mwisho, ndani lazima pawe pakavu. Yupo kijana kazi yake ni kufua maji, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, na siku akipumzika dau linazama. Seli nayo ina pampu zinazofanya kazi hiyohiyo, nyingine zinaitupa kalsiamu nje, nyingine zinaisukuma kwenye ghala la ndani. Kwa sababu ndani ni pakavu kiasi hicho, tone moja likiingia linasikika chombo kizima. Ukavu ndio unaoifanya kalsiamu iweze kuwa habari.

Mfano wangu una kasoro, nakiri. Hakuna nahodha anayetoboa dau lake makusudi, wakati seli ya msuli laini ina matundu yenye milango, na huifungua kwa hiari yake inapotaka kukaza.

Vile vidonge vidogo vya 1x2, nifedipini, hukaa kwenye milango hiyo. Havigusi kalsiamu ya damu. Haviichukui mifupani. Vinaziba tundu, basi. Kinachoingia ndani ya seli za mshipa kinapungua, mshipa unalegea, presha inashuka.

"Kwa hiyo hawamnyimi," akasema Mama.

"Hawamnyimi. Wanaizuia isiingie mahali fulani."

Akafikiri kidogo, vidole vikiipapasa bahasha. "Kama chumvi. Mchuzini sawa, kwenye chai balaa."

Jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu, na nikadhani mambo yameisha.

## Chokaa

Hayakuisha. Nikiwa kwenye daladala siku ya pili yake niliona kwamba nimeeleza nusu tu. Nimeeleza kwa nini dawa hizo mbili hazigombani. Sijaeleza kwa nini vile vikubwa vyeupe alipewa kabisa. Kliniki hawakumpa kwa ajili ya mifupa ya mtoto, kama nilivyokuwa nimejiaminisha. Walimpa ili presha isipande.

Kalsiamu, ile inayoikaza mishipa, inatolewa ili mishipa isikaze?

Hadithi yake inaanzia mbali. Mwaka 1980 watafiti wawili, José Belizán na José Villar, waliandika kuhusu wanawake wa Kimaya wa Guatemala. Walikuwa maskini, na kliniki zilikuwa mbali nao, lakini hawakupata sana presha ile ya ujauzito inayoishia kwenye kifafa cha mimba. Watafiti hao wakatazama chakula. Mahindi ya huko huloweshwa na kuchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, na chokaa ni kalsiamu. (Kwetu Pwani chokaa inayoingia mdomoni ni ile ya tambuu tu, na hiyo simshauri mjamzito yeyote.) Wakatoa dhana: pengine upungufu wa kalsiamu kwenye chakula ndio unaopandisha presha.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni haya. Nyuma ya tezi ya thairoidi, shingoni, ziko tezi nne ndogo zinazopima kalsiamu ya damu bila kusinzia. Ikipungua zinatoa homoni, na homoni hiyo inaenda mifupani kuomba mkopo. Lakini homoni hiyohiyo, pamoja na nyingine zinazoamka nayo, inasemekana huifanya kalsiamu iongezeke ndani ya seli za mishipa ya damu. Nje imepungua, ndani imejaa. Mshipa unabana.

Basi kidonge kikubwa cheupe kinawatuliza wale walinzi wa shingoni wasipige kelele. Kile kidogo kinaziba mlango. Vyote viwili vinataka jambo moja, ndani ya seli ileile.

Nilitaka kumpigia Mama simu palepale.

Sikumpigia, kwa sababu kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyopoa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito ambao chakula chao hakina kalsiamu ya kutosha. Ni mzigo wa vidonge, tena visimezwe pamoja na vya kuongeza damu, kwa kuwa kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Mama alikuwa akimpa mdogo wangu vyote kwa pamoja, saa moja jioni, na glasi moja ya maji. Kisha mwaka 2024 yakachapishwa matokeo ya majaribio mawili, moja India na moja Dar es Salaam, kila moja likiwa na wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza. Walilinganisha miligramu 1,500 kwa siku na miligramu 500. Kwa upande wa presha ya ujauzito, dozi ndogo haikuwa na upungufu wa maana kulinganisha na kubwa. Kuhusu kuzaa kabla ya wakati, India ikawa hivyohivyo, Dar haikuthibitika hivyo.

Sasa, kama kazi ya kidonge ni kuujaza mtungi, mbona theluthi ya maji inatosha? Labda mtungi ulipungua kikombe tu. Labda maelezo ya tezi za shingoni ni kipande cha maelezo marefu zaidi. Na juu ya yote, ugonjwa wenyewe haukuanzia kwenye kalsiamu. Mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma, ambalo humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoumiza utando wa ndani wa mishipa. Mdogo wangu alimeza vidonge vyake vyote vikubwa bila kuruka hata siku moja, na presha ikapanda vilevile.

Alinipigia akilia: "Dada, mimi nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Nilimwambia hivyo mara tatu, na sidhani kama aliniamini.

## Cheche

Kisha nikakutana na kitu kilichonifanya nifunge kompyuta na kwenda kukaa barazani.

Mwaka 1995 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, likiongozwa na Mark Nelson, lilitazama seli za mishipa midogo ya damu kwa darubini zenye uwezo wa kuona kalsiamu ikiwaka. Waliona cheche. Ghala la ndani ya seli, hasa pale lilipokaribiana na utando wa nje, lilikuwa likitema kalsiamu mahali padogo sana, mara moja, likanyamaza, likatema kwingine. Kwa kila nilichokuwa nimekisoma hadi hapo, ningetabiri mshipa ukaze.

Ulilegea.

Cheche hiyo ni ndogo mno kuijaza seli nzima, kwa hiyo kalmodulini za mbali hazipati habari. Lakini kwa kuwa inatokea chini kabisa ya utando, inaikuta milango ya potasiamu iliyo jirani na kuifungua. Potasiamu inatoka, umeme wa utando unabadilika, na badiliko hilo linaifunga ile milango ya kalsiamu, ileile anayoiziba nifedipini. Kalsiamu inafunga mlango wa kalsiamu.

Ioni ileile. Seli ileile. Ikifurika kote, kaza. Ikitokea kwenye kona ile tu, legea.

Sijui kwa nini hili lilinigusa kuliko mengine. Pengine kwa sababu nimezoea kuwaandikia wanafunzi mishale: kalsiamu, mshale, kukaza. Mshale mmoja unaoenda upande mmoja. Mtihani unautaka hivyo, na maksi zinatolewa hivyo.

## Kama nazi iliyofuliwa

Wiki ya 37 presha ilikataa kushuka, wakaamua mtoto atoke. Hospitali ile inaruhusu ndugu mmoja wa kike aingie leba. Mama alisema hawezi kuona, nikaingia mimi.

Walimwekea magneziamu salfeti, ya kuzuia kifafa. Kila saa nesi mkunga alikuja, akamgonga kwa ukingo wa kiganja chini ya goti, mguu ukaruka. Akahesabu pumzi akitazama saa ya ukutani. Akainama kuangalia mfuko wa mkojo. Kwenye trei, peke yake juu ya pamba, ilikuwepo ampuli moja ambayo haijavunjwa. Nilisoma maandishi: kalsiamu glukoneti.

"Sista, samahani. Hii ya nini?"

"Magneziamu ikizidi mgonjwa anaanza kushindwa kupumua," akajibu, macho kwenye dripu. "Hiyo ndiyo inayomrudisha. Tunaiweka karibu, tusianze kuitafuta."

Magneziamu hushindana na kalsiamu kwenye milango mingi ya mwili. Kwa hiyo yule msichana kitandani alikuwa na kidonge kinachoziba mlango, dripu inayoshindana na kalsiamu, na kando yake kalsiamu yenyewe ikisubiri kwenye chupa. Mama angeviona angezirai.

Na hapo hofu yangu ya kweli ikaja. Nilikuwa nimesoma kwamba nifedipini hutumika pia kutuliza uchungu wa mapema, kwa kuwa mji wa mimba nao ni misuli laini, wenye milango ileile. Mtoto akishatoka, kinachozuia damu ni mji wa mimba kujibana. Nyuzi zake zimesukwa kwa kupishana, mishipa inapita katikati, na zikijikaza zinaikaba. Karibu na kujifungua damu inayopita huko hufika nusu lita au zaidi kwa dakika. Je, kama milango imezibwa?

Nilimuuliza. Nilijaribu kuuliza kwa unyenyekevu, maana hakuna anayempenda ndugu wa mgonjwa aliyesoma usiku.

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Madam, nifedipini tunawapa hata humu leba presha ikipaa. Mtoto akitoka nachoma sindano ya kukaza kizazi, na kizazi kinakaza. Utaona."

Nikaona. Mtoto wa kike akatoka, akalia, na kabla sijafuta machozi sindano ya oksitosini ilikuwa imeshaingia pajani. Oksitosini haiingii ndani ya seli. Inabisha hodi nje, na ndani mjumbe anakimbilia ghalani kufungua akiba ya kalsiamu, huku milango mingine ikiitika. Haitegemei mlango mmoja. Kwenye kitabu hilo lina mchoro wake na vifupisho saba. Mkunga hakuwa na haja navyo. Alikuwa akilisugua tumbo la mdogo wangu kwa duara, kwa nguvu, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka chini kidogo ya kitovu.

"Bonyeza."

Kulikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, kama nazi iliyofuliwa.

"Ndiyo huko kukaza," akasema, akaenda kunawa.

Saa mbili baadaye mdogo wangu alimeza nifedipini yake ya jioni. Chini ya kitovu kalsiamu ikiwa imeambiwa ingia, mikononi na miguuni imeambiwa baki nje, damu ikiwa moja.

## Ubaoni

Presha ilichukua wiki kadhaa kurudi. Mama sasa anampa vidonge vya kuongeza damu asubuhi na vya kalsiamu jioni, na anawaeleza majirani kuhusu chumvi na chai kwa kujiamini ambako mimi sina.

Jumatatu iliyopita nilifika mada ya misuli. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, lakini niliweka chaki chini nikawaambia kwa Kiswahili kwamba kuna jambo nimewadanganya waliowatangulia. Darasa likanyamaza, mwalimu hasemi hivyo kila siku. Nikachora mshipa wa damu kwa kukata, nikachora seli moja kubwa yenye ghala pembeni, milango, aktini, na miosini ambayo kichwa chake kimelala. Nilipogeuka, kijana wa dawati la mbele alikuwa ameshanitangulia kwenye daftari, mchoro wake safi, mishale kwa rula, na pale juu ya aktini ameandika kwa wino: troponini.

Nikampa kifutio. Wino haukufutika, ikabidi akate mstari.